Kuazima, Kukodi, Kupakua: Filamu na Maktaba ya Umma

Lugha ya Kiswahili hutofautisha kwa makini njia ambazo mtu hutumia mali isiyo yake. Anayechukua jembe la jirani kwa siku mbili huliazima, na sharti arudishe jembe lile lile. Anayechukua kibaba cha unga hukikopa, naye atarudisha unga mwingine wa kipimo kile kile, maana ule wa kwanza umekwisha kuliwa. Anayetoa fedha ili atumie baiskeli kwa saa mbili huikodi, na haki yake huisha saa hizo zinapokwisha. Kila neno kati ya haya lina heshima yake, deni lake na aibu yake. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako: kilichoazimwa kina mwenyewe, na mwenyewe aweza kukidai wakati wowote, hata hadharani.

Siku hizi kimezuka kitendo cha nne ambacho hakiingii vyema katika lolote kati ya maneno hayo. Kijana wa Buzebazeba, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, humpa mwenye kibanda flashi yake au simu yake, akataja filamu anazozitaka, akalipa fedha kidogo, na baada ya dakika chache akaondoka nazo. Mwenye kibanda hakupungukiwa na kitu, kwani filamu zile bado zimo katika kompyuta yake. Kijana naye hana cha kurudisha. Hakuazima, hakukopa, wala hakukodi. Wataalamu wa mtandao huita kitendo hiki kupakua, neno la watu wanaoshusha shehena chomboni, na ambalo wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawahitaji kufafanuliwa. Lakini shehena ya kawaida ikishapakuliwa, chombo hubaki kitupu. Shehena hii haipungui. Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa mama zetu, ambao jioni walimtuma mtoto na kigae kwenda kupalia moto kwa jirani. Moto ulitoka jikoni kwa jirani bila ya jiko lake kupoa, na hakuna aliyetarajia kurudishiwa makaa.

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kitendo hicho kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia, yaani kwa kutazama kilikotoka, uzuri wake na kasoro zake. Mwisho tutauliza iwapo maktaba ya umma yaweza kuazimisha filamu za kupakua, na kwa namna gani. Swali hili lisiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Linahusu nani atakayechagua hadithi ambazo vijana wetu watakua nazo, na nani atakayezitunza hadithi hizo baada ya kusimuliwa.

Filamu ilivyotufikia

Kibanda cha video hakikuota kama uyoga. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo mengine ya namna hiyo, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini yetu. Sauti iliwekwa katika santuri zilizo mbali na picha, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Na pale ambapo santuri haikutosha, mkalimani alisimama na kipaza sauti akawaeleza watu wanachokiona. Tuutie maanani ukweli huu, kwa sababu tutaurudia: tangu siku za mwanzo filamu katika nchi yetu haikuwahi kujisemea yenyewe. Ilisemewa na mtu.

Baada ya Uhuru Serikali ilielewa nguvu ya chombo hiki. Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikaanzishwa taasisi ya kutengeneza picha na sauti kwa ajili ya elimu ya wananchi. Katika miaka hiyo ya 1970 ilitolewa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Kiswahili iliyozungumzia maisha ya mkulima maskini na matumaini ya kijiji cha ujamaa. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inayomhusu mwanamke mgonjwa aliyewaogopa waganga wa jadi tangu utotoni. Hizi zilikuwa kazi zetu, kwa lugha yetu, juu ya maswali yetu. Hata hivyo njia ya kuzifikisha kwa watu ilifanana na ile ya zamani. Gari la sinema lilifika, shuka jeupe likatandazwa, watu wakakusanyika, na asubuhi gari likaondoka. Filamu ilikuwa mgeni wa usiku mmoja. Mwanakijiji hakuweza kuiomba irudi, wala kuitazama tena ili aifikirie.

Video ndiyo iliyovunja desturi hiyo. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Bara ilikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 kanda za video ziliingia katika miji ya Bara kabla ya televisheni yenyewe. Palizuka maduka ya kukodisha kanda, nayo watu wakayaita laibrari. Tusilipuuze jina hili. Wananchi waliona rafu, wakaona daftari la majina, wakaona kitu kinachochukuliwa leo na kurudishwa kesho kutwa, wakasema: hii ni maktaba. Kwa wale wasiokuwa na deki nyumbani vilijengwa vibanda vya kuonyeshea, ambavyo vijana, kwa mzaha wao wa kawaida juu ya benchi ngumu na joto la msongamano, waliviita vibanda umiza. Kanda zilipopitwa na wakati zikaja sidii, na sidii nazo zikaipisha flashi na simu.

Tukiitazama safari hii yote twaona mabadiliko ya jambo moja kubwa, nalo ni mamlaka ya kuchagua. Katika lori la mkoloni aliyechagua ni mkoloni. Katika gari la sinema la Taifa iliyochagua ni Serikali. Katika laibrari ya kanda aliyechagua ni mfanyabiashara, kwa kufuata soko. Leo anayechagua, au angalau anayeomba, ni kijana mwenyewe wa Buzebazeba, wa Gungu au wa Kibirizi. Hii ni hatua ya mbele ambayo mhakiki mwadilifu hawezi kuibeza. Mtu anayechagua hadithi yake ameshaanza kazi ya uhakiki, hata kama hajui jina la kazi hiyo.

Msimulizi na wali wake

Uzuri wa pili wa kibanda ni sanaa iliyozaliwa ndani yake. Filamu nyingi zilizofika zilikuwa za Kihindi, Kichina na Kiingereza, na watazamaji wengi hawakuzielewa lugha hizo. Hapo akasimama msimulizi. Mashuhuri kuliko wote katika Tanzania ni Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa nchini katika kanda na baadaye sidii. Na wengine, kama DJ Mark, waliifuata njia hiyo. Nchini Kenya jina lililovuma ni la DJ Afro, na Uganda wapo wasimulizi wengi wanaofanya kazi hii kwa Kiganda.

Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Huipunguza sauti ya filamu, akawapa wahusika majina ambayo watu watayakumbuka, akaeleza desturi ngeni kwa kuzilinganisha na za kwetu, akamkemea mwovu kabla hajaadhibiwa, akatia methali mahali ambapo mwandishi wa filamu hakuweka hata neno. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, aliieleza kwa mfano wa kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo ni mzuri, kwani pilau haikani kuwa ni wali. Ni mchele ule ule uliopata viungo na mkono wa mpishi mwingine.

Mwalimu wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hapa pana fanani na hadhira, pana utendaji, pana ubunifu wa papo kwa papo. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba fasihi simulizi ni ngano za bibi kando ya moto, kisha tukalalamika kwamba moto umezimika. Wakati huo huo wanafunzi wale wale wanatoka darasani wakaenda kumsikiliza fanani aliye hai, mwenye Kiswahili cha kasi, cha mafumbo na cha vichekesho. Ni jambo la kusikitisha kwamba sanaa inayopendwa na watu wengi hivi haipati nafasi inayostahili katika masomo ya fasihi.

Pamoja na sifa hizo, sanaa hii ina kasoro ambazo hatuna budi kuzitaja. Msimulizi huogopa ukimya. Pale ambapo mtengenezaji wa filamu alikusudia tumtazame mama anayelia bila kusema neno, msimulizi huujaza ukimya huo kwa maneno, na machozi yakapotea. Pengine hubadili maana ya tukio zima ili apate kicheko. Aidha, mwenye filamu hakuulizwa wala hakulipwa. Na msimulizi naye, baada ya kutia viungo vyake, huona kazi yake ikinakiliwa kila kona bila ya senti kumrudia. Kwa hiyo pilau hii ina wapishi wawili walioibiwa, wa kwanza na wa pili.

Mambo haya si yetu peke yetu. Huko Japani, katika enzi ya filamu zisizo na sauti, palikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuzisemea picha. Baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930 kazi yao ilififia, lakini Wajapani waliwahesabu kuwa sehemu ya urithi wao, na wataalamu huwachunguza mpaka leo. Je, miaka 50 ijayo, mwanafunzi wa Kigoma atakayetaka kumchunguza Lufufu ataipata wapi sauti yake?

Mali bila daftari

Swali hilo latufikisha kwenye upungufu mkubwa wa kibanda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ya kibanda yaweza kuwa na mamia ya filamu, lakini faili nyingi hazina jina kamili, hazina mwaka, hazina jina la mtengenezaji wala la msimulizi. Nafasi ikijaa, filamu isiyoulizwa mwezi huu hufutwa ili kuipisha ile inayoulizwa. Hakuna anayeandika kwamba ilikuwepo. Tusimlaumu mwenye kibanda kwa hili. Yeye ni mfanyabiashara, na bidhaa isiyotoka humla nafasi. Kumbukumbu si kazi yake.

Ipo taasisi ambayo kumbukumbu ni kazi yake. Huduma za maktaba za Taifa ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliipa nguvu Bodi ya Huduma za Maktaba, ikiwa ni katika miaka ile ile ya kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima, ambapo vijiji vilipata makasha ya vitabu na redio ilifundisha afya katika Mtu ni Afya mwaka 1973 na lishe katika Chakula ni Uhai mwaka 1975. Wazo lililoongoza kazi hiyo lilikuwa rahisi na la haki: maarifa yasiwe mali ya mwenye fedha. Mtoto wa mvuvi wa Ujiji awe na njia ya kukifikia kitabu kile kile anachokifikia mtoto wa mkubwa wa Dar es Salaam.

Tukiichambua kazi ya maktaba twaona ina sehemu nne: kuchagua, kuorodhesha, kuhifadhi na kuazimisha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba kinachochaguliwa na kuhifadhiwa lazima kiwe karatasi. Kitabu kilitangulia kwa sababu kilikuwa ndicho chombo kikuu cha wakati ule. Kuendelea kudhani kwamba filamu ni starehe na kitabu ndicho elimu ni kusahau kwamba zipo riwaya za kupoteza wakati, na zipo filamu zinazohitaji kutazamwa mara tatu.

Tuchukue mfano ulio karibu na wanafunzi. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu yenye jina lile lile, juu ya Yasmin na Denge na Zanzibar ya siku za mwisho za ukoloni. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto nchini Kanada. Mwalimu wa Kigoma anayeifundisha riwaya hii angefaidika sana kama angeweza kuwaambia wanafunzi wake: nendeni maktaba, someni sura hizi, kisha pakueni filamu mtazame nini kimeachwa, nini kimeongezwa, na kwa nini. Hapo ndipo uhakiki ungeacha kuwa orodha ya dhamira za kukariri. Mwalimu huyo akitegemea kibanda, atapata bahati nasibu. Akitegemea mtandao, kila mwanafunzi atahitaji kununua kifurushi, na kifurushi cha kutazamia filamu nzima ni mzigo kwa mzazi maskini. Mwanafunzi mwenye fedha ataona filamu. Asiye nazo atasimuliwa. Ubaguzi ule ambao maktaba iliundwa kuuondoa utakuwa umerudi kupitia mlango wa nyuma.

Somo na onyo kutoka ng'ambo

Katika nchi tajiri maktaba za umma zimekwisha kuingia katika kazi hii. Maktaba ya umma ya Cleveland, Marekani, ilianza kuazimisha vitabu vya kupakua mwaka 2003, na filamu zikafuata katika maktaba nyingi. Mwenye kadi ya maktaba huchagua filamu akiwa nyumbani, nayo hukaa katika simu au kompyuta yake kwa muda uliowekwa. Katika huduma moja iitwayo Hoopla, iliyoanza mwaka 2013, filamu huazimwa kwa saa 72. Muda ukiisha faili hujifunga yenyewe. Hakuna kuchelewa kurudisha, hakuna faini, hakuna kanda iliyokatika.

Lipo la kusifu hapa. Watu hawa wamepata njia ya kumfikia mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani na mfanyakazi anayetoka kazini usiku, na mwenye filamu hulipwa. Lakini tukitazama kwa jicho la lugha yetu twaona jambo la ajabu. Wamechukua kitu chenye tabia ya moto, kisha wakakilazimisha kiwe na tabia ya jembe. Katika baadhi ya huduma hizo watu hupanga foleni wakingojea zamu ya faili ambalo kwa asili yake lingeweza kutolewa kwa wote kwa pamoja. Foleni hiyo ni ya kutengenezwa, na imetengenezwa ili kulinda bei.

Lililo zito zaidi ni kwamba mara nyingi maktaba yenyewe haina filamu hizo. Imezikodi. Hulipa kila mara msomaji anapotazama, au hununua kibali cha miaka michache. Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 2019, ambapo maktaba za umma za jiji la New York, zilizo miongoni mwa tajiri zaidi duniani, ziliiacha huduma ya filamu iitwayo Kanopy kwa sababu ya gharama. Tarehe 1 Julai mwaka huo maelfu ya filamu zilitoweka mbele ya wasomaji. Hakuna moto uliounguza rafu. Mkataba tu ulikwisha. Maktaba iliyokodi ghala lote haina tofauti na mtu aliyevaa nguo ya kuazima: siku mwenyewe akija, hubaki uchi mbele ya watu.

Basi kuna hatari mbili. Kibanda kina moto lakini hakimlipi mkata kuni, na hakikumbuki moto uliwashwa lini. Maktaba ya ng'ambo humlipa mkata kuni, lakini jiko si lake. Maktaba yetu ikianza kazi hii leo ina bahati ya kuyaona makosa yote mawili kabla ya kuyatenda.

Njia inayoifaa Kigoma

Tunapendekeza kwanza kwamba maktaba ya umma imiliki. Ni afadhali filamu 200 za kwetu zenye nakala halali isiyokwisha muda, kuliko 20,000 za kukodi. Mwanzo ungekuwa kazi zilizotengenezwa kwa fedha za umma, ambazo wananchi walikwisha kuzilipia. Ni vigumu kueleza kwa nini mwanafunzi wa Buzebazeba aweze kupata vita vyote vya Hong Kong kwa dakika tano, lakini aisikie Fimbo ya Mnyonge kama jina tu katika kitabu. Zifuatie filamu za watengenezaji wa leo, kwa mapatano ambayo Bodi ya Huduma za Maktaba ingeyafanya mara moja kwa niaba ya maktaba zote za mikoa, kwa kumlipa mtengenezaji bei inayojulikana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na stempu za ushuru zilizowekwa kwenye kazi za filamu na muziki tangu mwaka 2013 zilionyesha nia ya kumlinda msanii. Lakini stempu hubandikwa kwenye ganda la sidii; faili halina ganda. Mnunuzi halali aliye wa umma angemfaa msanii kuliko msako wa polisi kwenye vibanda.

Pili, njia ya kupakua ifuate hali ya mahali. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulipata umeme wa mashine za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na watu wake walijifunza kutumia saa za umeme kwa akili: kuchaji, kupakua, kuweka. Mvuvi wa dagaa hushinda ziwani usiku wa giza na hupumzika nchi kavu siku za mbalamwezi. Muda wa saa 72 uliopangwa na kampuni ya ng'ambo haumjui. Msafiri wa boti kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao anaweza kukaa siku nzima bila mtandao. Watu wa namna hii wanahitaji filamu inayokaa ndani ya simu. Leo vipo visanduku vidogo vya kompyuta vinavyohifadhi mamia ya filamu na kuzirusha kwa simu zilizo karibu bila ya kutumia mtandao wala kifurushi. Kisanduku kimoja katika maktaba ya mkoa mjini Kigoma, na vingine katika shule za sekondari za kata, vingetosha kuanza. Wapo pia watengenezaji wa kwetu wanaokubali kazi zao zitolewe bure kwa kujifunza, kama wale wa vipindi vya watoto vya Ubongo, vilivyoanza kuonekana katika televisheni ya Taifa mwaka 2014.

Tatu, liwepo daftari, na humo msimulizi apewe mstari wake. Kila filamu iandikwe jina, mwaka, mtengenezaji, lugha ya asili, na kama imesimuliwa, nani aliyeisimulia. Wakutubi wasione haya kuandika jina la Lufufu kando ya jina la mtengenezaji wa Hong Kong. Mahali ambapo sheria haijaruhusu filamu iliyosimuliwa kuazimishwa, sauti yake na ihifadhiwe kwa mapatano, kama tunavyohifadhi rekodi za manju na malenga.

Tunajua watakaotupinga. Wako watakaosema kwamba filamu itawafukuza vijana kwenye vitabu. Tunawajibu kwamba vijana wamekwisha kuziona filamu, wanaziona leo usiku. Lililobaki ni iwapo wataziona pamoja na mwalimu au peke yao. Wako watakaosema kwamba simu imeiua maktaba, kwa kuwa kila kitu kimo mtandaoni. Hao hawajajaribu kuitafuta mtandaoni filamu ya Kiswahili ya mwaka 1985 kwa simu ya mkopo na kifurushi cha siku moja. Na wako watakaouliza fedha zitoke wapi, wakati hata vitabu havitoshi. Swali hili ni la haki. Hata hivyo nakala ya filamu ikishanunuliwa hufika Kigoma, Kasulu na Kibondo bila ya kuchapishwa tena, na haichakai ukurasa. Kwa nchi maskini, kitu kisichopungua kinapogawanywa ni cha kukumbatiwa kabla ya vingine.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho, lakini pia kwamba kujifunza kutoka kwa wengine si kujidharau. Kibanda cha video kimejifunza kutoka kwa wengine kwa bidii kubwa. Kazi ya kuyatunza yaliyo yetu bado inangoja.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuianza kazi hiyo bila kungoja kisanduku wala bajeti. Kila darasa la kidato cha tatu, katika Buzebazeba na kwingineko, lifungue daftari la filamu zilizosimuliwa ambazo wanafunzi wamezitazama au wazazi wao wanazikumbuka. Waandike jina la filamu, jina la msimulizi, lugha iliyokuwa chini ya sauti yake, na jambo moja ambalo msimulizi aliliongeza na ambalo halikuwemo katika picha. Mwisho wa mwaka nakala ya daftari hilo ipelekwe maktaba ya mkoa. Mkutubi atakayelipokea atakuwa na orodha ya kwanza ya kumwonyesha yeyote atakayeuliza ni filamu zipi zinazostahili kununuliwa.